Nataka kufungua duka la yogati ya barafu, naombeni ushauri

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nataka kufungua duka la yogati ya barafu, lile la mteja kujikamulia mwenyewe, anaweka matunda na karanga juu, kisha kikombe kinapimwa kwenye mizani. Mtaani kwetu yanaibuka kama uyoga na yote yana foleni. Usingizi sipati. Nianze na mashine moja au mbili?

Bibi Subira
Mwanangu, yogati ni nzuri kwa tumbo, ila hiyo ya barafu huwa wanaijaza sukari. Nilimalizia kikombe cha mjukuu wangu, nikashinda na kiu usiku kucha. Sisi wenye kisukari utukumbuke.

Dada Hesabu
Hapo kwenye uyoga ndipo panaponitisha. Marekani wameshayapitia haya mara mbili. TCBY, kampuni ya maduka ya yogati ya barafu, ilianza 1981 huko Arkansas, maduka yakajaa, miaka ya 90 watu wakachoka. Pinkberry ikafungua California 2005 na ladha yake ya uchachu, kila mtu akaiga, baadaye mengi yakafungwa. Mashine anauziwa yeyote mwenye hela, na mchanganyiko wake vivyo hivyo, kwa hiyo jirani hakawii kukuiga. Kwenu yapo mangapi?

Mleta mada
Matatu. La nne linapakwa rangi. Ila langu litakuwa kwenye kona, karibu na shule.

Dada Hesabu
"Litakuwa"? Umeshalipia nini?

Mleta mada
Kodi ya fremu, mwaka mzima. Na mashine imeshafika. Hela ni kiinua mgongo cha mama, lakini aliridhia mwenyewe, sikumlazimisha. Na maji nikishayavulia nguo sina budi kuyaoga.

Mzee Kijiwe
Kiinua mgongo cha mama! Kaka yangu alichukua cha baba akanunua pikipiki. Ikaibiwa mwezi wa pili. Baba amekufa hawajasemeshana. Kijana, mrudishie mama yako hela yake.

Mpenda Ukweli
Hii chai. Mara anataka kufungua, mara fremu ipo, mara mashine ipo, sasa mama. Huyu anatengeneza tangazo la duka.

Kaka Mpole
Hata mimi nimeanza kuhisi hivyo.

Mleta mada
Si chai wakuu. Mashine iko sebuleni, mikono yake mitatu ya kukamulia bado ina nailoni. Mama anaifuta vumbi kila asubuhi, kisha anaifunika shuka. Sijawahi kuiwasha kwa sababu plagi yake ni nene, ina pini tano, haiingii soketi yoyote ya nyumbani.

Fundi Majokofu
Nilikuwa nasoma kimya. Huyu hatungi. Pini tano ni umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, si mmoja kama nyumba za kawaida. Na swali lako la kwanza: mikono mitatu ni ladha mbili, wa katikati unazichanganya, kwa hiyo moja inatosha. Iachie nafasi ya kupumua, inatoa joto jingi. Kuisafisha usizembee: unafungua vipuri, unaosha, unaua vijidudu, unapaka mipira grisi ya chakula, ndipo unarudishia. Sasa niambie, fremu yako ina fezi ngapi?

Mleta mada
Sijui, mkuu. Sikuuliza wakati nalipa. Kesho asubuhi naenda kuangalia mita.