Kutoka wapigaji 9 hadi 17: okestra ya jazi Pemba ikuzwe vipi?

Muulizaji, Chake Chake

Assalaamu alaykum. Hapa Chake Chake tuna jumuiya ndogo ya muziki isiyo ya kibiashara. Imesajiliwa, ina katiba na mshika fedha, na ina wapigaji 9: saksafoni tatu, tarumbeta mbili, tromboni moja, gitaa, besi na dramu. Wengi ni wastaafu wa bendi za vikosi, na wawili ni vijana waliofundishwa na wastaafu hao hao. Tunachopiga ni jazi ya okestra kubwa yenyewe, si ile "Jazz" ya majina ya bendi za dansi kama Morogoro Jazz na Western Jazz.

Okestra ya aina hii ikikamilika huwa na watu wapatao 17, yaani saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, piano, gitaa, besi na dramu. Kamati yetu imegawika. Wapo wanaotaka tumwombe mfadhili vyombo vyote vilivyopungua kwa mkupuo mmoja, ili mwakani tuvuke kwenda Unguja tukiwa kamili. Wengine, nami nikiwemo, tunahofia kupata vyombo kabla ya kupata watu wa kuvipiga. Naomba ushauri wa waliowahi kukuza kikundi kikubwa.

Mpiga fidla wa taarab, Unguja Mjini

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Jazi naijua kwa kuisikiliza tu, lakini habari ya vyombo kuwatangulia watu naijua kwa machungu. Kikundi nilichokuwamo zamani kiliwahi kupewa fidla sita mpya na wafadhili wenye nia njema kabisa. Waliojua kupiga walikuwa watatu. Fidla tatu zilizosalia zilikaa kabatini, na masika ya pili tulipolifungua kabati tulikuta gundi ya mbili imeachia, ubao wa juu umenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha, na nyuzi zimeota kutu. Mfadhili aliporudi kutaka picha, tuliwakalisha watu wasiojua kupiga, wakashika pinde. Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Utazame klabu zilizodumu hapa kwetu: Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, na Culture Musical Club chimbuko lake ni 1958. Katika klabu za taarab kijana huja jioni wakati wa mazoezi, akakaa pembeni, akapewa rika, lile tari dogo lenye vibati, ashike mapigo, na baada ya muda mrefu ndipo anaposogezwa kwenye fidla za nyuma, ambako akikosea anafunikwa na wenzake. Hata Sultani Barghash, kama inavyosimuliwa, alipovutiwa na muziki wa Misri alimpeleka Cairo mtu mmoja, Mohamed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na kurudi kuwafundisha wengine.

Ila tofauti moja lazima niitaje. Sisi wa taarab huchukuliwa harusini, na wenye kutunza hutunza. Nyinyi jazi yenu sidhani kama kuna bibi harusi atakayeiagiza, kwa hiyo hesabu zenu zisiige zetu.

Mwalimu wa vyombo vya kupuliza, Fuoni

Namuunga mkono mzee wetu, na naongeza la kiufundi. Idadi ya 17 si sharti. Count Basie, kiongozi maarufu wa okestra ya jazi Marekani, alikuwa na wapigaji 9 tu pale Kansas City mnamo 1936, na bendi aliipanua mwaka huo huo ilipokuwa ikijiandaa kwenda New York. Walipokuwa 9, sehemu kubwa ya kazi yao ilipangwa kwa kichwa: mmoja anaanzisha kipande kifupi cha sauti, saksafoni wanakidaka, tarumbeta wanakijibu. Watu waliolelewa na taarab na ngoma, ambamo kuitikizana ni jambo la kila siku, hawatauona ugeni huo.

Kitakachowatesa ni noti. Mpiga tarumbeta ya kawaida akisoma Do, kinachosikika ni Si bemoli, yaani Si iliyoshushwa nusu sauti. Mwenye saksafoni ya alto akisoma Do, kinasikika Mi bemoli. Mkinakili karatasi moja na kuwagawia wote, mtapata zogo. Kabla ya chombo kipya hata kimoja, mtafuteni mtu wa kuwapangia nyimbo chache kwa hao 9 mlio nao, kila mmoja na karatasi yake.

Aliyewahi kuwa mshika fedha wa kikundi, Wete

Nami niseme la fedha. Wafadhili hupenda kununua chombo kwa sababu kinapigika picha; gharama ya matengenezo hakuna anayeitaka. Pedi za saksafoni, zile zinazoziba matundu yake, huharibika upesi kwa unyevu wetu huu, na kuzibadilisha si kazi ya fundi yeyote wa mtaani. Katika maombi yenu, kila chombo kiombwe pamoja na fedha za kukitunza na posho ya anayefundisha. Halafu pigeni hesabu ya nauli ya boti ya watu 17, kwenda na kurudi, pamoja na malazi na mzigo wa dramu. Kikundi chetu kiliyumba kwa safari moja ya namna hiyo, na deni lake tulilipa kwa ada za wanachama kwa miaka miwili.

Muulizaji, Chake Chake

Nashukuruni sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya kwenye kikao cha jana, na habari ya pinde za picha iliwanyamazisha hata waliokuwa wakali. Tumekubaliana kuomba tarumbeta moja na tromboni moja tu, na kila mstaafu achukue kijana mmoja wa kukaa naye kiti cha pili. Maalim wa Fuoni, nina swali dogo: vijana wetu wanatia mafuta ya cherehani kwenye vali za tarumbeta. Je, yanafaa?

Mwalimu wa vyombo vya kupuliza, Fuoni

Hayafai, ni mazito, na vali zitakuwa zinachelewa kupanda. Zitoeni moja moja, kwa kuwa kila moja ina tundu lake na haziingiliani. Zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha mtie mafuta yake maalumu, matone mawili matatu. Na mafuta ya nazi pia msithubutu.