Wauza Jeep za vita, acheni kugonga namba mpya kwenye chesisi

Wakuu, nina hasira, na leo nasema bila kumung'unya maneno.

Niliuziwa gari lililotangazwa kuwa Ford GPW ya 1943, yaani Jeep ya vita iliyotengenezwa na Ford, "kila kitu cha kiwandani". Nalifufua mwenyewe nyumbani. Bodi imeshatoka juu ya chesisi, rangi imekwanguliwa, na kilichokuwa chini ya rangi ni uongo mtupu. GPW ya kweli, ukiinama mbele chini ya radieta, mihimili miwili ya chesisi imeunganishwa kwa chuma cha pembe nne kilicho wazi upande wa chini. Willys MB, Jeep hiyohiyo ikitoka kiwanda cha Willys, ina bomba la duara mahali hapohapo. Yangu ina bomba. Namba ya Ford hugongwa moja kwa moja kwenye chuma, juu ya mhimili wa kushoto. Hapo kwangu pamesagwa kwa grainda hadi chuma kimekuwa chembamba kuliko pembeni yake, kisha tarakimu zimegongwa upya, nyingine zimezama, nyingine zimepinda. Willys nao walikuwa wanapigilia kibati cha namba kwa ribiti upande wa ndani wa mhimili huohuo, mbele. Kwangu kibati hakipo, na matundu ya ribiti yamezibwa kwa kuchomelea.

Hakuna mtu anayesaga namba kwa bahati mbaya.

Kinachoniuma zaidi ni bolti. Wanaojua wanajua kwamba Ford waligonga herufi F kwenye sehemu zao nyingi, hadi vichwa vya bolti. Huyu bwana alitafuta bolti zenye F akazifunga pale tu jicho la mnunuzi linapofika: kwenye bampa, kwenye fremu ya kioo cha mbele, kwenye viti. Ukiingia chini ya gari, kwenye springi, kwenye gia boksi, huioni F hata moja. Huo ni muda aliutumia kupanga jinsi ya kunidanganya, na angeweza kuutumia kuandika ukweli kwenye tangazo.

Sasa wapo wadau, tena wazoefu, ambao ukilalamika wanakwambia: "Mkuu, Willys na Ford ni gari lilelile, spea zinaingiliana, endesha ufurahi." Nakataa. Ni kweli spea zinaingiliana, jeshi la Marekani lilitaka hivyo. Lakini hii ni historia ya watu. Bantam, kiwanda kidogo cha Butler, Pennsylvania, ndicho kilichopeleka gari la kwanza la majaribio mwezi wa Septemba 1940, kisha zabuni kubwa ikaenda kwa Willys mwaka 1941, Ford wakaongezwa baadaye mwaka huohuo, na Bantam wakaishia kutengeneza matrela. Zaidi ya magari 600,000 yalitoka kwa Willys na Ford kabla ya vita kwisha. Nani alitengeneza nini, lini, na kwa nini kikabadilishwa, sehemu kubwa ya hayo tunayajua kwa sababu watu wamekaa chini wakalinganisha namba za chesisi na magari yaliyobaki. Ndivyo tunavyoweza kupanga kwamba MB za mwanzo zilikuwa na grili ya vyuma bapa vilivyochomelewa, kisha ikaja ile ya bati la kukandamizwa yenye nafasi tisa, iliyotoka kwa Ford. Ndivyo tunavyojua kwamba majina ya viwanda yalikuwa yamegongwa kwenye bati la nyuma, hadi jeshi liliposema yaondolewe mwaka 1942. Kila namba ya kughushi ikiingia kwenye orodha hizo, inaharibu kazi ya mamia ya watu ambao hawakulipwa chochote. Na vile vibati vya dashibodi vyenye tarehe ya gari vinauzwa vitupu, unagonga tarehe unayoitaka. Mwenye kurudishia kibati kilichopotea simlaumu. Namlaumu anayekigonga ili apandishe bei.

Tusisahau sheria pia. Katika nchi nyingi kubadili namba ya chesisi ni kosa la jinai, na wa kwanza kuhojiwa ni yule aliyekutwa na gari, yaani mimi.

Haya, bodi. Sina ugomvi na bodi mpya, bati la miaka ile limeoza na mtu anataka kuendesha. Lakini iitwe mpya! Bodi za vita zina mkanda wa bati uliokunjwa chini ya sakafu, na ndani yake mna ubao. Maji yakiingia, ubao unayashika, na bati linaliwa kutu kutoka ndani huku juu bado linang'aa. Kila anayefufua gari hili anajua ataukata mkanda huo, atoe ubao, achomelee upya. Kwangu nilikuta hakuna ubao wala bati la maana. Walijaza povu, wakafunika kwa puti, wakapaka lami juu. Bisibisi ilizama kama kwenye ndizi mbivu. Na hapo ndipo bodi nzima inapokaa juu ya chesisi.

Breki ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu leo badala ya kunyamaza. Hosi za breki zilikuja kwenye karatasi ya mafuta, na boksi lenye maandishi ya kijeshi, nikaambiwa ni stoo ya wakati wa vita ambayo haijawahi kufunguliwa. Nikaikunja moja kidogo mkononi, ikapasuka nyufa pande zote. Kama ni za leo zilizovalishwa boksi la kale, ni wizi. Kama ni za 1943 kweli, basi ni hatari tupu, maana hakuna mpira wa miaka zaidi ya 80 unaofaa kushika presha ya breki. Gari hili lina mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Hosi moja ikipasuka, pedali inakwenda hadi chini na magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Breki ya mkono inakamata shafti ya nyuma tu, kwenye gia boksi ndogo. Mtu anauza kitu hicho, anapokea hela, analala usingizi.

Vipimo vya dashibodi vilevile. Baadhi ya vipimo vya kijeshi vya enzi hizo vilipakwa rangi ya radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, ili vionekane gizani. Mwanga umekufa zamani, radiamu haijafa, inachukua kama miaka 1,600 kupungua nusu. Sisi tunafanyia kazi nyumbani, watoto wanapita. Muuzaji anashindwa nini kuandika mstari mmoja wa tahadhari kabla mtu hajafungua kioo na kuanza kukwangua?

Na wale mnaouza Hotchkiss M201, Jeep ya Ufaransa iliyotengenezwa baada ya vita hadi 1966, mkiita Jeep ya vita kuu ya pili, nanyi mnahusika. Ni gari zuri. Liuzeni kwa jina lake.

Ninachodai ni tangazo liseme wazi: chesisi ya nani, namba imeguswa au haijaguswa, bodi ya lini, vipuri gani ni vya kunakili. Wenye GPW au MB ambayo chesisi yake haijasagwa, naomba picha za mhimili wa kushoto, karibu kabisa, ili wengine wapate cha kulinganishia kabla hawajatoa hela. Na wewe uliyeuziwa gari lenye alama za grainda kama zangu, weka picha yako hapa pamoja na nakala ya tangazo, leo, kabla muuzaji hajalifuta.