"The guest was stolen his camera": nimekosea wapi wakuu?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nakaa mapokezi usiku kwenye nyumba ya wageni, Mji Mkongwe. Juzi mgeni wa chumba namba 7 kaibiwa kamera ufukweni, karudi saa nne usiku amenuna. Nikaandika kwenye kitabu cha makabidhiano: "The guest in room 7 was stolen his camera." Asubuhi bosi kaisoma kwa sauti, kisha kauliza, "Sasa mgeni mwenyewe yuko wapi? Nani kambeba?" Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kanuni naijua: "was", halafu umbo la tatu la kitenzi. Steal, stole, stolen. Mbona kwa Kiswahili nikisema mgeni ameibiwa kamera hacheki mtu?

Chaki_Nyeupe
Marahaba. Umbo umelipatia, ila uliyemtanguliza siye. Kumbuka kauli za vitenzi ulizosoma shuleni. Iba, ibwa: kamera imeibwa. Ibia, ibiwa: mgeni ameibiwa. (Mtaani tunasema kamera "imeibiwa", tunazichanganya, yaishe.) Hiyo "i" ya katikati ndiyo inayomruhusu aliyepatwa na jambo kutangulia. Kiingereza hakina "i" hiyo. "Steal" inashika kile kilichochukuliwa tu, ndiyo maana bosi kaona mgeni kabebwa. Andika "The guest's camera was stolen", au "The guest had his camera stolen". Ipo pia "The guest was robbed", lakini hapo wengi watadhani alikabwa.

Jipime kwa kufiwa. "Nimefiwa na bibi" huwezi kuigeuza "I was died by my grandmother". Utasema "My grandmother died", basi. Kunyeshewa je? "I was rained on." Iangalie hiyo "on" iliyobaki mkiani: ndiyo inayofanya kazi ya ile "i" yetu (kwenye "kunyeshewa" imekuwa "e"). Ukiiacha, wewe ndiye unayenyesha.

Mtu_wa_Bandari
Mnajitesa bure. "Someone stole the guest's camera." Kwisha.

Karafuu_Mbichi
Kaka usione haya, mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Nilimwandikia rafiki yangu wa Uingereza: "My sister was married by Juma." Akajibu hongereni, akauliza Juma ni padri au kadhi! Kumbe kwao "married by" ni yule anayefungisha ndoa. Sisi mume anaoa, mke anaolewa. Wao wote wawili wana-"marry". Ilitakiwa "My sister married Juma", au "is married to Juma". Shemeji mpaka leo tunamwita kadhi.

Zamu_ya_Usiku
Hahaa! Ahsanteni, mwalimu hiyo "on" nimeielewa. Mtu wa Bandari, yako ni sahihi, ila bosi wangu akiona "someone" atataka jina.

La mwisho. Glasi ya chumba namba 3 imevunjika. Niandike "was broken"?

Chaki_Nyeupe
Imevunjika au imevunjwa? Kiswahili kinakutenganishia. Imevunjika: "The glass broke", hatumtafuti mtu. Imevunjwa: "The glass was broken by" fulani. Ukiishia "was broken", msomaji anaweza kuelewa ilikutwa na ufa, au kwamba kuna mkono wa mtu umefichwa. Na usijaribu hilo kwa "happen". "The accident was happened" naisahihisha kila muhula. Ajali "happened" tu, haina aliyeitenda.

Zamu_ya_Usiku
Basi naandika "The glass broke". Aliyeidondosha ni mimi wakati natandika kitanda, lakini hilo sijaulizwa.