Mrejesho: wale wadudu wa dirisha la jikoni, Kasarani

Asanteni sana, ndugu zangu. Niliuliza kama unga wa mbao unaodondoka chini ya dirisha la jikoni ni kazi ya mchwa. Si mchwa. Aliyeniambia niwatazame kiuno alimaliza ubishi: kiuno chembamba, vipapasio vimepinda kama kiwiko. Ni chungu seremala, aina ya sisimizi. Ukutani hakuna njia ya udongo hata moja kama zile za mchwa, na ule unga ulikuwa na vipande vya miguu ya wadudu. Kumbe mbao hawali, wanazichonga tu wapate pa kukaa, hasa zikiwa zimelowa.

Dawa ya kupuliza iliua waliokuwa nje tu. Kesho yake wakatokea wengine. Kilichosaidia ni asidi ya boriki, kidogo sana, ndani ya maji ya sukari, nikaiweka kwenye kifuniko cha soda usiku wanapotoka (mwenye watoto awe macho). Ni ya polepole, lakini wanaibeba hadi kiotani. Bomba la sinki lililokuwa likivuja limekazwa, na fundi amekata kipande cha fremu kilichooza.

Jikoni kumetulia. Darini bado wapo, na mwenye nyumba hajakubali ifunguliwe.