Likizo ya Juni: watoto wanakuja Kigoma kutoka Dar, wacheze nini nje?

Mama wa Mwanga

Habari za jioni wadau. Kaka yangu ananiletea watoto wake wanne likizo hii, wanapanda treni wiki ijayo. Mkubwa ni wa kiume, miaka kumi na mmoja. Wanaofuata ni mabinti mapacha wa miaka tisa, na kitinda mimba ana mitano. Walipokuja mara ya mwisho walikaa sebuleni na simu ya baba yao hadi bando likakata, kisha wakaanza kuniuliza, "Shangazi, tunarudi lini?" Roho iliniuma.

Safari hii nataka wacheze nje, wachafuke, walale wamechoka. Shida yangu ni hii: nauza dagaa sokoni, siko nyumbani mpaka saa tisa. Anayebaki ni mama mkwe, magoti yanamsumbua, hawezi kukimbizana na mtu. Uwanja wangu ni mdogo. Ziwa naliogopa, siwezi kuwaruhusu waende peke yao.

Nimetafuta mtandaoni "michezo ya watoto wakati wa joto", nikaletewa mabwawa ya kupulizwa, bunduki za maji na watoto wanaokimbia katikati ya mabomba yanayorusha maji kwenye majani. Jamani, mimi maji nanunua kwa dumu! Nipeni mawazo ya huku kwetu.

Fundi Baiskeli, Ujiji

Mwidiwe dada. Umeuliza swali ambalo nalijibu kila Juni bila kuulizwa, maana shule zikifungwa tu kibanda changu kinajaa watoto wanaotaka ringi.

Naanza na hiyo ringi. Ringi ya inchi 28 iliyopinda haifai tena kwa Phoenix ya mtu mzima, lakini ukitoa spoku zote unabaki na ule mfereji wake wa nje. Mtoto anaweka kijiti humo, anasukuma na kukimbia. Tairi tupu nalo linakwenda, ila linayumba na linapigwa kwa kofi, mikono inakuwa myeusi hadi kwenye kiwiko. Kijana wako wa miaka kumi na mmoja mpe ringi kubwa. Mdogo mpe ya inchi 20, la sivyo itamzidi urefu alie. Wakishajua kunyoosha, waambie wapinde kona, wapite kati ya mawe mawili, wapokezane bila ringi kuanguka. Hapo asubuhi imekwisha.

Mpira usinunue dukani. Nasema hivi nikijua wengine watanipinga. Mpira wa dukani una mwenyewe, na mwenyewe akikasirika anaondoka nao, mchezo umekufa. Mpira wa soksi hauna mwenyewe. Zamani tulijazia mifuko ya rambo, sasa tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 haionekani, kwa hiyo watoto wanajazia vipande vya godoro na matambara, wanavisha soksi, wanafunga juu kwa utepe wa tyubu. Ukifungwa vizuri unadunda, na ukimpiga mtu usoni hatoki damu. Chandimu ya watu watatu kwa watatu inatosha kwenye uchochoro.

Tyubu kuukuu natoa bure kwa ajili ya mpira na kamba za kuruka. Kwa manati sitoi. Mtoto akija peke yake akataka vipande viwili vinavyolingana urefu, najua anakokwenda, namrudisha.

Kuna upepo pia. Kiangazi hiki upepo wa kusi unapanda ziwa, wavuvi wanaulalamikia, watoto wanaufurahia. Kishada kinahitaji vijiti viwili vyepesi, na huku Mungu katupa michikichi: ule uti wa katikati wa jani ukiuchuna unapata kijiti chembamba kinachopinda bila kukatika. Gazeti, uji mzito wa muhogo badala ya gundi, uzi, na mkia wa kitambaa. Kikizunguka hovyo, ongeza mkia. Kikikataa kupanda, punguza. Waache wagundue wenyewe, usiwasaidie haraka. Ila mbali na nyaya za umeme, hapo usibembelezane na mtu.

Na kuti zima la mchikichi ni gari. Mmoja anakaa kwenye majani, wawili wanavuta shina. Lakini kabla ya hapo mtu mzima achukue panga aparue ile miiba ya pembeni, inachoma vibaya.

Sasa nikwambie mchezo ninaoupenda kuliko yote, ambao nimeuona kwa watoto wa mtaani kwangu. Wanakata dumu la lita tano ubavuni, linakuwa meli. Jina lake ni Liemba, kama ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, hakuna meli nyingine. Siku moja niliwahadithia kwamba Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapahapa Kigoma, na vita vilipowaelemea Wajerumani mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, ila kwanza wakaipaka injini grisi nene isipate kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na injini zikafanya kazi. Mimi nikisikia habari ya grisi nasisimka, ndiyo kazi yangu. Watoto wao walichukua habari ya kuzamisha. Wanajaza karai maji, wanapakia meli mawe mpaka inakwenda chini, halafu timu ya pili inapaswa kuiibua kwa kamba na vijiti bila kutia mkono majini. Wanabishana, wanafunga kamba upya, wanaweka chupa tupu zilizofungwa vizibo ili ziinue. Maji ni yaleyale asubuhi hadi jioni, dada, na yakichoka unamwagia mchicha.

Kuhusu mama mkwe, kazi yake isiwe kukimbizana. Akae kibarazani. Wewe kabla hujaenda sokoni tembea na watoto, waonyeshe mpaka kwa vitu wanavyoviona: mwisho ule mwembe, mwisho lile duka, mwisho kona ya fundi cherehani. Bibi akiita, wote waitikie. Wakigombana asihukumu, labda kama kuna aliyeumia. Mtu mzima akishakuwa refa, kila baada ya dakika moja ataletewa kesi.

Siku za mwanzo watanuna, wale wa Dar. Usiwape simu ukidhani unawabembeleza. Toa ringi nje, iegemeze ukutani, pika muhogo mwingi kidogo. Watoto wa jirani watakuja wenyewe, na hao ndio watakaowafundisha wageni wako. Jambo jingine, huku jua linachelewa kuzama kuliko Dar, karibu saa moja jioni mpira bado unaonekana, kwa hiyo wataona kama wameongezewa siku. Huo ndio wakati wa kombolela. Wasijifiche kwenye magari mabovu wala karibu na mashimo ya vyoo, na bibi awahesabu wakirudi.

Mama wa Mwanga

Fundi, shikamoo. Hiyo ya Liemba nimecheka peke yangu. Lakini mabinti je? Wale mapacha ni wapole, ringi sijui kama wataigusa. Na huyu wa miaka mitano nahofia wakubwa watamkimbia.

Shangazi wa Gungu

Usiwahukumu hao mapacha kabla hawajashuka kwenye treni! Binti yangu ndiye anayeongoza kwa ringi mtaani.

Hata hivyo, wape rede. Wawili wanarusha mpira wa soksi kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa tupu. Ikijaa anaimwaga. Akiguswa na mpira ametoka. Mtoto mpole akiingia katikati utashangaa mdomo ulikotoka. Weka sheria moja tu: mpira usipite juu ya mabega.

Mchana jua likiwa kali wakae kivulini wacheze mdako. Chimba kishimo kidogo, weka mise, zile kokwa za chikichi, badala ya kokoto, ni nyepesi na hazikwanguzi vidole. Unarusha moja juu, unazitoa zilizo shimoni, unaidaka iliyo juu kabla haijaanguka. Kisha unarudisha zote isipokuwa moja. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Mama mkwe wako hapo atakuwa bingwa, na magoti hayahitajiki.

Huyo mdogo, wakubwa wamchukue kwa sharti kwamba yeye akiguswa hatoki. Sisi sote tulianza hivyo, tukiamini tunacheza kweli.

Nesi mstaafu, Kibirizi

Kuhusu ziwa, mama, uko sahihi kuogopa, lakini usiwanyime kabisa, watakwenda kwa siri. Wapeleke mwenyewe Jumapili.

Mambo ya kuangalia. Ziwa letu lina kina cha mita zaidi ya 1,400, na sehemu nyingi zenye mawe chini panakatika ghafla: hatua moja maji ya kiunoni, hatua ya pili hupati chini. Chagua ufukwe wa mchanga unaoteremka polepole, ambako wenyeji wanaoga na watoto wao, na uwaulize kuhusu mamba. Upepo wa kusi ukianza kuleta mawimbi, watoke. Mtu mzima aingie majini nao, asikae ufukweni na simu.

La pili ni kichocho. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na maji yaliyotulia, vinapenya ngozi bila mtoto kuhisi. Konokono hao huvimwaga zaidi mchana jua likiwa kali, kwa hiyo asubuhi mapema ni afadhali, ingawa siyo kinga kamili. Kwenye matete wasiingie kabisa. Kujifuta haraka kwa taulo kunasaidia kidogo tu, usikutegemee. Na kwa kuwa watoto hao watarudi Dar, mwambie kaka yako: wiki au miezi baadaye mtoto akilalamika tumbo, akapata homa isiyoeleweka, au ikaonekana damu kwenye choo au mkojo, amweleze daktari kwamba mtoto aliogelea Ziwa Tanganyika. Dawa ipo na inatibu vizuri. Tatizo ni daktari asipojua mtoto alikuwa wapi.

Nyumbani maji ya kunywa yawe karibu. Watoto wakicheza hawasikii kiu mpaka kichwa kiume.

Kijana wa Isevya, Tabora

Nasoma nikiwa Tabora, sisi hatuna ziwa lakini tuna miembe ya barabarani, kivuli chake ndio uwanja wetu. Naomba nimpinge fundi kidogo. Ringi umeisifia kama vile barabarani hakuna bodaboda! Mdogo wangu alitoka na ringi mbio kwenye kona, bodaboda ikamkosa kwa kidogo. Mtoto anayesukuma ringi haangalii mbele, anaangalia ringi.

Na kama treni inapita karibu na kwenu, wakatazeni kuweka misumari kwenye reli ili ibanwe iwe kisu. Huku Tabora, njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapoachana, huo ni ugonjwa wa watoto wote.

Mimi naongeza bao la kuchimba ardhini. Mashimo manne mistari minane, na kete ni kokoto. Huyo wa miaka kumi na mmoja akishalielewa hatakumbuka simu.

Fundi Baiskeli, Ujiji

Mdogo wangu wa Isevya, la bodaboda umesema kweli, nakubali. Ringi zisiende kwenye lami wala kwenye njia ya kupita pikipiki. Shule zimefungwa, viwanja viko wazi. Dada aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu aombe, wengi hawakatai kama watoto hawavunji vioo. Asubuhi ringi na vishada vipelekwe huko wakiwa na kijana mkubwa, nyumbani yabaki ya rede, karai na mdako.

Ila bao umelipindua: ni mistari minne yenye mashimo manane. Ukichimba ulivyosema utapata bao la kusimama.

Kijana wa Isevya, Tabora

Haha, nimeandika haraka mkuu. Minne kwa minane.

Mama wa Mwanga

Asanteni sana wote. Nesi, nimemtumia kaka maneno yako kama yalivyo. Mama mkwe nimemsomea habari ya mdako, kaniagiza mise leoleo. Fundi, wanafika Alhamisi, nikuletee Jumamosi?

Fundi Baiskeli, Ujiji

Jumamosi asubuhi nipo, mchana nina msiba Buzebazeba. Waje na soksi zilizopotelewa na wenzake, dumu la lita tano, na kipande cha godoro kama kipo. Ringi kubwa zipo za kutosha. Ya inchi 20 imebaki moja, nimeitundika nyuma ya mlango kwa ajili ya huyo mdogo, lakini uwahi, maana kuna mwingine wa miaka sita anapita kila siku kuichungulia.