Mjadala: Riba na kadi za mkopo zifundishwe skuli, au tutakuwa tunawazoesha watoto deni?

Mtoa mada, Chake Chake

Assalamu alaykum jamaa. Naleta suala, na naomba tujibizane kwa hoja, kejeli tuziache barazani. Watoto wetu wa kidato cha pili na cha tatu, Unguja na Pemba, wafundishwe darasani jinsi mkopo unavyokwenda? Nasema riba, mikopo ya simu, na hizi kadi za mkopo. Mie nasema wafundishwe, tena ndani ya Hisabati, si kwenye semina ya siku moja yenye soda na keki.

Kilichonisukuma ni kadi, lakini si ya benki. Ni ya karatasi, imekunjwa mara nne, na jirani yangu hapa Machomane huiweka pamoja na chenji zake za vitumbua. Kausha damu, huu mkopo wa mtaani wa kulipa kila siku. Alikopa laki mbili. Wakamkata elfu ishirini "ya fomu", akashika mkononi laki na themanini. Kila siku baada ya alasiri anakuja kijana na pikipiki, anachukua elfu kumi, anatia sahihi kwenye kisanduku. Visanduku viko 26. Mama huyu ukimuuliza riba yake asilimia ngapi atakwambia thelathini, maana ndivyo alivyoambiwa.

Binti yake ana miaka 15. Nikakaa naye na kalamu. Jumla ya kulipa 260,000, toa 180,000 alizoshika mama, inabaki 80,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 44, si thelathini. Nikamuuliza: na hizo laki na themanini, mama alikaa nazo siku zote 26? Akanyamaza, akaanza kuvihesabu visanduku kwa ncha ya kalamu. Alipofika cha 18 akasita. "Ami, hapa si ameshawarudishia yote?" Naam. Siku nane zilizobaki alikuwa akikaanga vitumbua vya watu.

Mtoto yule anajua kutafuta eneo la duara. Hesabu hii hakuna aliyemwonesha.

Sasa hizo kadi za mkopo. Wengi wetu tuna kadi ya benki ya kutolea pesa, na pesa ile ni yako mwenyewe, ikiisha imeisha. Kadi ya mkopo ni ya benki: unanunua kwa pesa yao, mwisho wa mwezi wanakuletea hesabu. Ukilipa yote kwa wakati, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba. Ukilipa kidogo, riba inaanza kupanda juu ya kilichobaki, na mwezi wa pili inapanda juu ya riba ya mwezi wa kwanza. Chukua deni la 1,000,000 kwa asilimia 24 kwa mwaka, yaani 2 kwa mwezi. Ukilipa 30,000 kila mwezi, mwezi wa kwanza 20,000 inaliwa na riba na 10,000 tu ndiyo inapunguza deni. Utamaliza baada ya miezi 56, umetoa karibu 1,664,000. Na ukilipa 20,000 kila mwezi, hulimalizi mpaka unaingia kaburini. Marekani kwenyewe, tangu sheria ya 2009, aliye chini ya miaka 21 hapewi kadi hiyo ila awe na kipato chake au mtu wa kumdhamini. Wenye kadi zao wanaziogopa, sisi tunamwachia kijana aende akazijulie huko huko.

Ustadhi, Mkoani

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nia yako nzuri, lakini nina khofu. Allah amehalalisha biashara na akaharamisha riba, Baqara aya ya 275, hakuna aliyeachiwa mlango. Kitu cha haramu ukikitia kwenye silabasi, ukakipigia mifano na mazoezi na mtihani, mtoto anakizoea. Leo somo, kesho bidhaa. Mbona hatuwafundishi namna ya kukoroga pombe ili waijue? Mambo ya muamalat, yaani biashara na madeni kisharia, tunayasomesha kwenye chuo cha Qur'ani. Tuongezewe muda huko.

Mzazi, Wete

Mie sina hoja ya dini wala ya kadi. Nina hoja ya mwalimu. Mwalimu mwenyewe mshahara wake umekatwa mikopo mpaka risiti inatia huruma, ndiye akamfundishe mwanangu asikope? 😂 Na hiyo Hisabati yenyewe watoto wanaifeli bila ya riba, ukiwaongezea riba itakuwaje.

Mtoa mada

Mzazi wa Wete, mwalimu aliyekatwa mshahara ndiye khasa ninayemtaka. Alete risiti yake darasani.

Ustadhi, kwa heshima. Mfano wa pombe haukukaa sawa. Pombe mtoto anaijua kwa harufu, riba haina harufu. Jirani yangu anaswali, anafunga sunna, na hajui kwamba ile "ya fomu" ni riba, kwa sababu haikuitwa riba. Na si jambo la leo. Wazee wetu walikuwa na bei ya rahani: mtu "anauza" shamba la mikarafuu kwa sharti ya kulikomboa, huku anaendelea kulikaa na kulipa "kodi". Hakuna neno riba hata moja. Mikarafuu iliingia kwenye madeni mpaka mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya kuzuia mashamba ya wenye madeni yasiwatoke mikononi. Haramu tuliijua sote, kilichotushinda ni hesabu.

Na sura hiyo hiyo ya Baqara, Ustadhi unaijua kuliko mie, aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu nini? Deni. Liandikwe, liwe dogo au kubwa, na muda wake. Aya imetaka kalamu. Mie nataka kalamu hiyo iwe mkononi mwa mtoto na yeye, isiwe kwa mkopeshaji peke yake.

Kijana wa hotelini, Nungwi

Nna miaka 23, niliingia kazini na 19. Mshahara wa kwanza haujakauka, mtu wa mkopo kasimama getini kwa wafanyakazi. Hiyo tuiache. Kilichonimaliza ni programu ya simu. Nilibonyeza "nakubali" bila ya kusoma, kumbe nimekubali wachukue namba zote kwenye simu. Nilichelewa siku tatu, wakampelekea ujumbe mkwe mtarajiwa, kwamba mie mwizi. Ndoa ilichelewa mwaka. Baadae, Novemba 2024, Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, nikaisoma yote kutafuta yangu.

Kwa hiyo skuli msifundishe asilimia peke yake. Fundisheni kusoma kile kiandiko kidogo kabla ya kubonyeza. Na umri wa miaka 15 si mapema, kwa sababu simu ya mama kila mtoto anaijua namba ya siri.

Maalim wa Hisabati, Unguja

Nasomesha miaka 14. Riba imo kwenye vitabu tangu zamani: "Ali ameweka shilingi kadhaa benki kwa asilimia 5". Ali kila siku anaweka, hakopi hata mara moja! Mtoto anajua kanuni, hajui kama inamhusu.

Langu ni jengine. Nani ataleta somo hili? Maana likishakubaliwa, mabenki yatakuja na kofia na madaftari yenye nembo, na mkufunzi wa kuwaonesha watoto namna ya kufungua akaunti. Hapo Ustadhi atakuwa amesema kweli.

Mtoa mada

Hapo sina jibu, Maalim. Wakija na kofia, nitasimama na Ustadhi.

Ustadhi, Mkoani

Alhamdulillah angalau tumekutana kwenye kofia.

Aya uliyoitaja ni kweli. Basi nitakupa nusu. Hesabu zifundishwe kwa sharti mbili. Kwanza mtoto aambiwe wazi hii ni haramu, si kuambiwa tu "ni ghali". Pili, murabaha nayo iwemo, yaani benki inanunua kitu na kukuuzia kwa faida inayotajwa wazi, wajue ipo njia.

Mtoa mada

Ya kwanza nimekubali. Ya pili nakubali, ila nayo wapige hesabu, Ustadhi. Benki inanunua friji kwa 1,000,000, inakuuzia kwa 1,240,000 kwa mwaka. Mtoto aione 240,000.

Ustadhi, Mkoani

Aione, bei ya murabaha haifichwi, ndiyo sharti yake. Lakini aone pia kwamba bei ikishakubaliwa imefungwa. Ukichelewa miezi mitatu ni 1,240,000 ile ile. Deni lako la kadi lingekuwa linazaa usiku na mchana. Na aliyekwama kikweli, aya ya 280 inasema apewe muda. Huyo wa pikipiki hajaisoma.

Mzazi, Wete

Mie bado niko kwa mwalimu na risiti yake.

Maalim wa Hisabati, Unguja

Mtoa mada, hiyo kadi ya jirani yako, kama yeye mwenyewe ataridhia, ipige picha ulifunike jina unitumie. Jumatatu nna vipindi viwili na kidato cha tatu, nataka nione ni wangapi watasimama kwenye kisanduku cha 18.