Nimechelewa kuomba uthamini wa kilimo Texas baada ya kununua ekari 12: je, bado ninayo njia?

Ekari Kumi na Mbili:

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa Oktoba mwaka jana mimi na mke wangu tulinunua ekari 12 nje ya mji mmoja mdogo hapa Texas, kutoka kwa mzee ambaye kwa miaka mingi alimkodisha jirani malisho ya ng'ombe. Dalali alituhakikishia kwamba ardhi hiyo ina msamaha wa kilimo na kwamba kodi yake ni ndogo, nasi tukaridhika bila kuuliza zaidi. Novemba jirani aliwaondoa ng'ombe wake. Januari na Februari nilishinda nikirekebisha uzio, maana ule wa nyaya za miiba uliwatosha ng'ombe lakini mbuzi wangepenya bila hata kuinamisha pembe, na Machi nikaleta mbuzi 9, mmoja wao beberu.

Juzi nilipokuwa nikipanga karatasi za nyumbani, nilikuta bahasha ya ofisi ya uthamini ya kaunti ambayo hatukuwahi kuifungua. Barua iliyomo inasema kuwa mmiliki amebadilika, kwa hiyo inanibidi niombe upya uthamini wa kilimo, yaani ardhi itozwe kodi kwa kile inachoweza kuzalisha, na mwisho wa kuomba ulikuwa Aprili 30. Leo ni Juni 9. Je, nimeshapoteza haki hiyo kwa mwaka huu, na je, ni kweli kwamba nitadaiwa pia kodi ya miaka iliyopita? Jambo la pili, upande wa mashariki zimejengwa nyumba mpya, na mkazi mmoja amelalamikia harufu ya beberu na kutishia kunishtaki.

Mkongwe wa Houston:

Pole sana, ndugu. Mimi yalinipata hayo hayo zamani. Jiandae kulipa tofauti ya kodi ya miaka mitano iliyopita pamoja na riba, kwa kuwa ndivyo nilivyotozwa mimi nilipojenga karakana kwenye sehemu ya shamba.

Mama Kunde:

Mzee wangu, kwa heshima naomba nikurekebishe, kwa sababu sheria uliyoikuta wewe imebadilika. Bunge la jimbo liliipunguza miaka hiyo hadi mitatu mwaka 2019, na mwaka 2021 likaiondoa riba kabisa. Zaidi ya hayo, kodi ya kurudi nyuma huja pale matumizi ya ardhi yanapobadilishwa, kama wewe ulivyojenga karakana. Mtu aliyechelewa kupeleka fomu huku mbuzi wake wakiendelea kula majani hajabadilisha matumizi. Anachoweza kupoteza ni uthamini wa mwaka huu, yaani atozwe kwa bei ya soko badala ya kile ambacho ardhi inaweza kuzalisha, na hilo peke yake linatosha kuumiza mfuko. Ndiyo maana silipendi neno "msamaha" wanalolitumia madalali: hakuna aliyesamehewa kitu, na uthamini huo haurithiwi na mnunuzi kimyakimya pamoja na funguo za lango.

Sasa tuje kwenye kuchelewa. Sheria ya Kodi ya Texas inaruhusu ombi lililochelewa mradi tu lipokelewe kabla ya bodi ya mapitio ya uthamini, yaani jopo linalosikiliza pingamizi za wenye mali, kuidhinisha kumbukumbu za uthamini za mwaka huo, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Julai. Utalipa adhabu ya asilimia 10 ya tofauti kati ya kodi ya thamani ya soko na kodi ya thamani ya kilimo. Ukiipiga hesabu utaona kwamba adhabu hiyo ni nafuu mno ukilinganisha na kuikosa nafasi yote. Usitume kwa posta. Nenda mwenyewe, upewe nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ekari Kumi na Mbili:

Mama Kunde, umenishusha presha. Lakini kuna jambo linalonitia shaka: ng'ombe waliondoka Novemba na mbuzi walikuja Machi, kwa hiyo Januari mosi hapakuwa na mnyama hata mmoja pale. Je, hawatasema kwamba ardhi ilikuwa imelala?

Karani Mstaafu:

Wanaweza kuuliza, na ni vizuri uwe na jibu la maandishi. Sharti la kwanza ni kwamba ardhi iwe imetumika zaidi kwa kilimo au ufugaji katika miaka mitano kati ya saba iliyotangulia, na historia hiyo inafuata ardhi wala si mtu. Mwombe mzee aliyekuuzia barua iliyosainiwa na, kama ipo, nakala ya mkataba wa malisho. Kuhusu Januari, unachotakiwa kuonyesha ni kwamba ulikuwa na nia ya kufuga na kwamba sehemu kubwa ya mwaka ardhi inatumika hivyo. Risiti zako za nyaya na nguzo za Januari na Februari zina thamani kuliko maelezo ya mdomo ya nusu saa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni idadi. Mifugo lazima ifikie kiwango kinachokubalika katika eneo lenu, na kila kaunti ina mwongozo wake, ambapo mbuzi kadhaa huhesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Mbuzi 9 kwenye ekari 12 huenda wakaonekana wachache. Ikiwa hivyo, mrudishie jirani sehemu ya malisho, kwa sababu sheria haidai kwamba mnyama awe wako. Kumbuka pia kuitoa kwenye ombi sehemu yenye nyumba.

Wakili wa Mezani:

Kuhusu jirani anayelalamikia harufu, Texas ina Sheria ya Haki ya Kulima, iliyomo katika sura ya 251 ya Sheria za Kilimo, na Novemba 2023 wapiga kura waliiingiza haki ya kulima na kufuga katika katiba ya jimbo. Shughuli halali iliyodumu mwaka mmoja au zaidi inapata kinga dhidi ya mashtaka ya kero. Angalia lakini: beberu wako ana miezi mitatu tu hapo, na mlalamikaji anaweza kudai kwamba ng'ombe na mbuzi ni shughuli mbili tofauti. Mimi ningelihamishia zizi la beberu magharibi leo leo. Vilevile soma masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya ununuzi, kwani kinga hiyo haifuti makubaliano binafsi ya eneo, kisha umuulize karani wa kaunti kama kaunti yenu iliwahi kupiga kura ya kuzuia mbuzi kuzurura. Nyingi zilipiga kura hizo zamani, na mbuzi aliyetoroka anaweza kukamatwa na ofisi ya sherifu.

Ekari Kumi na Mbili:

Nimerudi kutoka ofisini. Mama wa mapokezi alizihesabu risiti moja moja, akagonga muhuri tarehe ya leo, na kuniambia kwamba bodi bado haijaidhinisha kumbukumbu. Jirani wa ng'ombe amekubali kuchukua ekari saba za nyuma, na tumeandikiana. Mthamini atakuja kukagua Alhamisi ijayo, na nimeambiwa nisiwafungie mbuzi zizini siku hiyo.